Kikombe cha Tatu

Sajini Nyaga, umeniambia nianze mwanzo.
Mwanzo siujui. Naujua mwisho:
mama sakafuni, jikoni, kichwa kimeelekea kuni,
leso yake ya pili imekunjwa juu ya kiti
kana kwamba aliambiwa, subiri, nakuja.
Basi nirudi kinyumenyume,
kama mtu atokaye chumba cha mgonjwa.

Saa mbili na dakika kumi stima ilipotea Chwele nzima.
Hilo halina ubishi: kinyozi wa stendi
alimwachilia mteja na nusu ya kichwa,
na redio ya jirani yetu Makhanu
ikanyamaza katikati ya matangazo ya vifo.
Makhanu anasema kishindo alikisikia baada ya giza.
Mkewe anasema kabla.
Ndoa ya miaka thelathini, na kati yao
imelala dakika moja nisiyoweza kuivuka.

Kabla ya hapo, saa kumi na mbili na arobaini,
pesa za vitunguu ziliingia kwenye simu, elfu nane.
Kabla ya hapo alimfunga ndama.
Hapana. Ndama alifungwa baadaye,
maana fundo halikuwa lake.
Mama alifunga la kuvuta mara moja likafunguka.
Lile lilikuwa la marehemu baba, kamba imepita mara mbili,
na baba alimfundisha mtoto mmoja tu.

Umeandika "wezi". Sawa.
Wezi gani hufunga ndama?
Popi, anayebwekea hata kivuli cha padri,
alinyamaza, na asubuhi tukamkuta na mfupa.
Elfu nane bado ziko kwenye simu.
Kilichotoka ni cheti cha shamba,
ndani ya godoro, upande wa ukuta,
na godoro likashonwa tena kwa uzi mweusi.

Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi, afande, siku arobaini nimevaa nguo ile ile
nisije nikaikung'uta.

Usiku napanga upya, kwa maharagwe, mezani.
Hili stima. Hili kishindo. Hili ndama.
Natafuta mpango mmoja,
mmoja tu, ambamo Sikuku yuko Kitale kama alivyosema,
juu ya lori la mahindi, anasubiri kushusha.
Nikitanguliza kishindo, yuko Kitale.
Nikimgusa ndama, anarudi.
Nikisema mama mwenyewe alikitoa cheti,
mwenyewe akashona, mwenyewe akabandika chai,
chai ya nani, usiku ule?
Maharagwe yananishinda. Nayarudisha sufuriani.
Kesho yake tunayala.

Kuna kitu hujaniuliza.
Uliandika vikombe viwili: cha mama,
na cha Nanjala wa Makhanu aliyekuja kuomba chumvi.
Vilikuwa vitatu.
Nilifika kabla yenu, saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Nilimwona, nikapiga magoti, sauti ikakataa kutoka.
Kisha macho yakaenda mezani.
Kile cha bati, cha buluu, kilichomeguka ukingo,
ambacho mgeni hapewi.
Chai ilikuwa nusu. Nikaionja.
Haikuwa na sukari.
Kwetu ni mmoja tu aliyekatazwa sukari na daktari.

Nikakiosha. Kwa majivu, kwa maji ya mtungi,
nikakianika juani, na jua lenyewe halijatoka.
Mikono ilijiendea; tangu utotoni
imezoea kuosha alichoacha Sikuku.

Mama aliitwa Nabwile, mzaliwa wa giza likiingia.
Andika hilo pia, ingawa halina saa.
Kisha andika: saa kumi na moja na dakika arobaini, kikombe.
Ukifika kwenye jina, ni Khakasa,
binti wa pili, herufi zote saba.
Mbona kalamu imesimama?
Imekauka?
Shika yangu.